Kocha, Huyu Mjamaika Alifunga Mabao Matatu Tu?

BARAFUNI NA KOCHA: Maswali yenu ya mwezi huu

Toleo lililopita niliandika, tena kwa kupitia tu, kwamba mtu wa kwanza mzaliwa wa Jamaika kucheza NHL, ile ligi kubwa ya hoki ya barafu, aliishia kuwa kocha, na kwamba mimi namheshimu kwa ukocha wake kuliko uchezaji wake. Ulikuwa mstari mmoja. Barua zilizonirudia ni nyingi kuliko za mwaka jana nilipowagombeza wazazi wasiofunga kamba za helmeti za watoto wao. Basi mwezi huu mazungumzo ni ya huyohuyo Graeme Townshend na yanayomzunguka.

Kwa msomaji mgeni: mimi ni mtu wa Mombasa. Mchana naendesha mashine ya kulainisha barafu kwenye uwanja wa manispaa huku Ontario, jioni nafundisha watoto walio chini ya miaka tisa. Sikuwahi kucheza ligi yoyote. Mara ya kwanza kuvaa viatu vya barafu nilikuwa na miaka 33, na nilipompigia mama kumwambia nimenunua skeiti, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Sketi? Ya nani?" Tangu siku hiyo nasema viatu vya barafu.

*

Kocha, habari ya kazi. Mimi ni baba wa watoto watatu, tumetoka Bukavu, na hapa Edmonton huu ni mwaka wa nane. Kijana wangu wa pili ana miaka 14. Alianza hoki akiwa na miaka tisa, wenzake walianza na minne. Msimu huu anakaa benchi kuliko anavyocheza. Kocha wake anasema ni mzito kugeuka, hasa kushoto, na mimi mwenyewe nimeona anaanguka upande huohuo kila mara. Nilimsomea uliyoandika juu ya yule Mjamaika ili nimtie moyo. Akaingia kwenye simu, akarudi anacheka: "Papa, huyu ana goli tatu tu maisha mazima!" Nikakosa la kusema. Tuendelee, ao nimuache acheze mupira wa miguu kama kaka yake? – Papa wa Edmonton

Papa wa Edmonton, salamu nyingi. Kijana wako hajakosea hesabu. Mabao matatu, pasi za mabao saba, mechi 45. Hakuna nyingine zilizofichwa mahali.

Ila hizo 45 hazikuja kwa mkupuo, na hapo ndipo penye maneno. Townshend alizaliwa Kingston mwaka 1965, akaletwa Toronto akiwa mtoto mdogo. Kwa hiyo barafu aliikuta ugenini, hakuzaliwa ikiwa imemsubiri uani kama wenyeji. Akasoma na kucheza chuo cha Rensselaer, mjini Troy, jimbo la New York. Sasa, kila mwaka timu za NHL hukaa na kuchagua vijana kwa zamu, jina kwa jina, raundi baada ya raundi, mpaka wanafika kwa vijana ambao hata majirani zao hawawajui. Jina lake halikuitwa. Boston Bruins walimsaini mwaka 1989 akiwa mchezaji asiye na mwenyewe.

Msimu wa kwanza akacheza mechi 4. Msimu uliofuata, 18. Akaenda New York Islanders: 7, kisha 2. Akaenda Ottawa Senators msimu wa 1993–94: mechi 14. Basi. Msimu mmoja wa NHL siku hizo ulikuwa na mechi 80 na zaidi, kwa hiyo ukizikusanya zake zote za misimu mitano hazijazi hata msimu mmoja. Siku zake nyingine alikuwa ligi ya chini yake, AHL, na timu kama Maine Mariners na Capital District Islanders, kwenye viwanja vidogo na mabasi marefu.

Mtu wa aina hii hulala begi likiwa limefungwa. Mwenzake kule juu akiumia goti, simu inalia. Goti likipona, anarudi alikotoka. Akipandishwa hapewi dakika za kufunga mabao. Anapewa dakika za kugongana, za kuwachosha wapinzani ili mastaa wakiingia wakute njia nyeupe. Alikuwa winga wa kulia, mwili wa kazi, na kwa kazi hiyo hakuna anayekuhesabia mabao isipokuwa watoto wa miaka 14 wenye simu.

Kijana wako anaona tatu. Mimi naona watu ambao hawakumchagua, waliokuwa na kila sababu ya kumsahau, walimpigia simu misimu mitano mfululizo.

Alipoacha kucheza ndipo mambo yakaninogea. Mwaka 1999 akawa kocha mkuu wa timu ya Macon, jimbo la Georgia. Papa, Macon ni kusini kabisa, nchi ya mapichi na joto la kunata mgongoni. Watu wengi waliokuja uwanjani walikuwa hawajawahi kuona ziwa likiganda. Ukocha wa ligi ndogo namna hiyo si kusimama nyuma ya benchi na tai. Kocha ndiye anayesaka wachezaji, ndiye anayehangaika na vyumba vya kulala, na basi likiharibika njiani saa nane za usiku yeye ndiye anayeulizwa.

Ungedhani baada ya hapo angekimbilia ukocha mkuu wa ngazi ya juu zaidi. Hakurudi NHL kwa mlango huo. Alirudi akiwa kocha wa kuteleza, kwanza na San Jose Sharks, kisha kuanzia 2008 na Toronto Maple Leafs. Yaani mji uleule alioletwa mtoto mdogo kutoka Kingston ukaja kumlipa mshahara awafundishe watu waliozaliwa na barafu namna ya kukanyaga barafu. Nikifika hapo huwa nasimama kidogo, nacheka peke yangu kwenye mashine.

Lakini usimsomee kijana tena. Mtoto anayeanguka hasaidiwi na habari za mtu aliyesimama. Mimi ningeanza na viatu vyake.

Nakuambia hivi kwa sababu nilikosa. Mwanangu wa kiume alipokuwa na miaka 11 aliteseka majira mazima ya baridi. Kulia anageuka kama samaki. Kushoto, chini. Nilimwambia hana nia. Nilimwambia, Mungu anisamehe, kwamba anaogopa. Viatu vyake nilikuwa nikivipeleka kunolewa kwenye duka moja karibu na tulipokuwa tukiishi, fundi mzee, mcheshi, nikamwamini kwa mvi zake. Mwezi wa Machi, msimu unakwisha, mwenzangu mmoja wa kazini akachukua kiatu cha mtoto, akakipindua chuma juu, akatoa sarafu ya senti 25, ile yenye mnyama wa mapembe, akailaza juu ya chuma. Hakusema kitu. Akanipa niangalie.

Chuma cha kiatu cha hoki si kama kisu. Unene wake ni kama milimita tatu hivi, na akikinoa fundi anachimba mfereji katikati, kwa hiyo unabaki na makali mawili, la ndani na la nje. Sarafu ukiilaza juu yake inakalia makali yote mawili kama ubao juu ya kuta mbili. Kuta zikilingana, ubao unalala sawa. Ile sarafu ilikuwa imeinama. Makali ya nje ya kiatu cha kushoto yalikuwa chini kuliko ya ndani, na anayegeuka kushoto huegemea hayohayo. Miezi mitano mtoto alikuwa akiegemea ukuta ambao haupo, na baba yake yuko kwenye viti anapiga kelele za nia.

Kwa hiyo leo jioni, sarafu. Ukikuta imeinama, badilisha fundi, umuombe mtoto radhi kama nilivyomuomba wangu, kisha msubiri wiki tatu mwili wake uamini tena.

Ukikuta imelala sawa, basi tatizo ni magoti. Watoto walioanza wakubwa huteleza wamesimama wima, kama wanaopita mlangoni mwa watu. Wangu wadogo huku nimewatafutia njia: nilileta mbuzi ya mke wangu uwanjani. Mbuzi ya kukunia nazi, Papa, si mbuzi wa kuchinja. Nikaiweka sakafuni kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikaikalia, nikawaonyesha: magoti yamepinda, mgongo umenyooka, kifua kiko mbele kidogo, uzito kwenye nyayo. Kisha nikawaambia wainuke kiasi cha shubiri mbili tu na wabaki hapohapo. Ndicho kimo cha hoki. Watoto wa Kifini na wa Kikolombia wanaita "mbuzi" bila kujua ni mnyama. Wazazi wao wananisalimu "mbuzi" sokoni. Ni sawa.

Kuhusu mpira wa miguu: muulize yeye, na umuulize baada ya wiki tatu hizo, si leo akiwa na hasira za benchi.

*

Kocha, umepotosha watu. Mchezaji wa kwanza mweusi NHL ni Willie O'Ree, tena aliichezea Boston yetu hapa. Rekebisha. – Mbishi, Boston

Ndugu Mbishi, rudia kusoma. Niliandika wa kwanza mzaliwa wa Jamaika. Sikuandika wa kwanza mweusi, wala wa kwanza kutoka visiwa vile. Claude Vilgrain, aliyezaliwa Port-au-Prince, Haiti, alimtangulia Townshend kuingia ligi hiyo. Nami namjua O'Ree vizuri: mtoto wa Fredericton, New Brunswick, aliyeingia barafuni Montreal tarehe 18 Januari 1958 na jezi ya Bruins. Jicho lake la kulia lilikuwa limepofuka kwa kupigwa na kisahani, kile cheusi cha mpira kinachochezewa hoki, akaificha siri hiyo ili asizuiwe kucheza.

Ila nakushukuru, kwa sababu ubishi wako umenifanya nifungue daftari. O'Ree alicheza mechi 2 msimu ule, kisha 43 msimu wa 1960–61. Jumlisha.

Nami nilijumlisha mara mbili, nikamwita mke wangu naye ajumlishe. Ni 45. Wote wawili walianza Boston, mmoja 1958, mwingine miaka thelathini na zaidi baadaye, na wote wawili ligi iliwapa mechi 45 kamili. Sina la kueleza hapo. Nimeliandika tu mlione.

Tofauti yao ni kwamba O'Ree heshima ilimfikia akiwa mzee: Ukumbi wa Umashuhuri wa hoki mwaka 2018, na namba yake 22 ikapandishwa darini Boston, isivaliwe tena na mwingine, Januari 2022, miaka 64 tangu ile siku ya Montreal. Ukocha wa NHL haukumfungukia mtu wa rangi yetu kwa muda mrefu sana. Wa kwanza kuwa kocha mkuu ni Dirk Graham, Chicago, mwaka 1998, na hakumaliza hata msimu huo kabla ya kuondolewa. Ndiyo maana huwa najiuliza kama Townshend alichagua mlango wa miguu, yaani wa kufundisha kuteleza, kwa kuupenda au kwa kuwa mwingine ulikuwa na foleni isiyosogea. Labda vyote. Mimi pia nilipoomba kazi uwanjani nilitaka ya ofisini, na mashine ndiyo iliyokuwa haina mtu.

*

Kocha shikamoo. Nina miaka 11, naishi Muscat, bibi yangu ni wa Unguja. Huku kuna uwanja wa barafu na mimi nacheza. Kwa nini kile kisahani cheusi wanakiweka kwenye friza kabla ya mechi? Kaka yangu anasema ili kiwe kizito. – Mtoto wa Muscat

Marahaba mjukuu wangu. Kaka yako kakosa, mwambie nimesema mimi. Kisahani ni mpira, mpira wa tairi unavyoujua, na mpira wenye joto unarukaruka. Ukigandishwa unakuwa mgumu, unalala chini na kuteleza. Uzito ni uleule, kati ya gramu 156 na 170. Fanya jaribio: kimoja kiache mezani, kingine kitie friza usiku mzima kwa ruhusa ya bibi, asubuhi viangushe vyote viwili sakafuni kutoka kimo cha kiuno. Sikiliza pia mlio, haufanani. Na msalimie bibi, mwambie kuna mtu Kanada ana mbuzi ya nazi inayojulikana na mji mzima.

*

Habari Kocha. Mimi ni dada wa miaka 24, natoka Umoja, Nairobi. Nilianza na viatu vya magurudumu kwenye maegesho ya magari, halafu nikaingia barafuni pale Panari, Mombasa Road. Nacheza, lakini najua sitafika ligi kubwa, na hilo halinisumbui. Ninachotaka ni kufundisha. Nikisema hivyo naambiwa kocha lazima awe amecheza juu. Tena, nitafundisha nini na barafu ni moja tu nchi nzima, na kila saa ina bei yake? Huyo Mjamaika wako angalau alicheza NHL. – Dada wa Umoja

Dada yangu, barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo niliyoifikiria sana. Niliisoma nikiwa kwenye mashine, nikapita sehemu moja mara mbili, wachezaji wakanizomea.

Kwanza hilo la "angalau". Wanaotafuta kocha wa kuteleza hawatafuti aliyefunga mabao mengi. Yule aliyezaliwa na kipaji cha kuteleza mara nyingi ndiye mwalimu mbaya kuliko wote. Ukimuuliza anageukaje, anakuambia "geuka tu", kama mtu wa Pwani anayeulizwa wali wa nazi unapikwaje akajibu "unapika tu". Anayeweza kufundisha ni yule aliyelazimika kukivunja kitendo vipande vipande ili akipate. Haya ni maoni yangu, na nina sababu ya kuyapenda, maana mimi mwenyewe nilianza na miaka 33 nimeshika kiti cha plastiki.

Townshend alikuwa mchezaji wa kazi, si wa maringo, na kazi aliyokuja kuifanya San Jose na Toronto ilikuwa ni kuwaambia wachezaji, tena wengine matajiri sana, mambo ambayo wewe unaweza kuanza kuyaona kesho. Nitakupa matatu ninayoyatazama mimi.

Tazama mguu unakosukumia. Anayejifunza husukuma nyuma, kama anayekimbia lami. Barafuni nyuma hakuna kitu cha kukanyagia, chuma kinakimbia tu. Msukumo hutoka pembeni, kwa makali ya ndani, mpaka mguu unyooke wote. Ninyi mlioanzia magurudumu mmelizoea hili kuliko mtoto wa huku, kwa hiyo maegesho yale ya magari hayakuwa hasara.

Halafu tazama mguu ukirudi. Hapa ndipo wengi wanapopotezea nguvu. Mguu uliomaliza kusukuma lazima urudi chini ya tumbo kabla ya kusukuma tena. Ukiishia njiani, hatua inayofuata inaanza katikati, na mtu anachoka mara mbili kwa mwendo uleule. Simama nyuma ya mchezaji, usisimame kando, utaliona. Makocha wengi hukaa kando kwa sababu huko ndiko kwenye benchi na chai.

Na la tatu ni kimo. Magoti yakinyooka, hayo mawili ya kwanza hayawezekani. Nimeshaeleza habari za mbuzi hapo juu, sirudii.

Haya yote unaweza kuyaanza bila senti moja ya barafu. Ukikodi saa moja, usiimalize kueleza. Eleza nje, kwenye sakafu, wakiwa na raba. Barafuni waje kutenda tu. Zamu moja ya mchezaji barafuni kwenye mechi ni kama sekunde 45, kwa hiyo mazoezi yako nayo yawe mafupi, makali, kisha wapumzike. Uwanja wenu ni mdogo kuliko wa kawaida, najua, na watu hulalamika. Mimi nisingelalamika sana. Uwanja mdogo haukuachii kukimbia kwa kujidanganya, kila hatua nne lazima ugeuke, na kugeuka ndiko kulikomshinda mwana wa Edmonton hapo juu.

Unasema barafu ni moja nchi nzima. Jamaika hakuna hata hiyo moja. Walikubaliwa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu mwaka 2012 bila uwanja wowote nyumbani, wakaanza kukusanya vijana wenye asili ya Jamaika waliotawanyika Kanada na Marekani, na aliyepewa kuwanoa ni huyuhuyu Townshend. Mwaka 2019 wakaenda Florida kwenye mashindano ya mataifa ya Amerika ya Latini na Karibea, wakawafunga Kolombia fainali, wakarudi na kombe. Warudi wapi nalo, ndilo swali, maana wengi walirudi Toronto.

Ninyi mna barafu tangu 2005, kilomita chache kutoka uwanja wa ndege, twiga wanatembea ng'ambo ya barabara. Mna Ice Lions, timu yenu ya hoki. Watu wa huku bado wananiuliza habari za wale vijana walioletwa Kanada mwaka 2018 na kampuni moja ya kahawa, waliozoea kucheza wenyewe kwa wenyewe kwa kukosa wapinzani, wakaingia chumbani kubadilisha nguo wakawakuta Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mastaa wakubwa wa NHL, wamevaa jezi za Kenya, tayari kucheza upande wao. Nami Mmombasa nilikuwa kazini siku nilipoiona video, nikasimamisha mashine, jambo ambalo ni kosa, maji yale ni ya moto na yanachimba barafu. Na tangu 2024 Kenya ni mwanachama wa shirikisho hilohilo la kimataifa. Hilo lina faida moja kwako wewe, si ya bendera: shirikisho lina mafunzo ya makocha. Waulize viongozi wenu waziwazi nani anapelekwa, na jina lako liwe limeandikwa mahali kabla hawajaulizwa.

Tafuta watoto sita, wasizidi. Sita unaweza kuwaona wote miguu. Wape jina la Kiswahili kila zoezi, lolote watakalolicheka, hawatalisahau. Andika kwenye daftari kila mtoto anaangukia upande gani, na tarehe. Mimi nina madaftari kumi na moja kabatini na ndiyo niliyoyaonyesha nilipoulizwa cheti changu cha kwanza kiko wapi. Nikakipata cheti baadaye, lakini madaftari yalitangulia.

Sarafu ya kupimia makali, shilingi ishirini ya kwenu inatosha, mradi haijapinda.

Nawe unijibu la kwangu moja, hili nauliza kama fundi: pale Panari mashine ya kulainisha barafu inapita mara ngapi kwa siku, na anayeiendesha ni nani? Mpe salamu zangu. Mwambie kwenye kona asikate haraka.